Krimu ya Ganzi Kwenye Kabati la Jikoni

Saa tisa na dakika kumi alasiri, siku ya Jumanne, binti yangu alinifuata kwenye mistari ya chai nyuma ya nyumba, akanivuta shati na kusema kifua kimeanza kubana. Alikuwa na miaka saba. Nilitazama saa kwa sababu dakika zilikuwa na maana, na kwa sababu alikuwa hajawahi kuniambia.

Kabla ya hapo alikuwa akificha. Mwaka huo pumu ilikuwa imetupeleka chumba cha dharura mara tatu, na kila mara alihitaji dawa ya kupitia mshipa. Mishipa yake ni myembamba. Mara ya tatu tulimshika watu wanne, mimi nikiwa nimebana miguu yake, na sindano iliingia kwa jaribio la tano. Baada ya hapo, kifua kikibana, alikwenda kujikunyata kwenye banda la ndama ili tusisikie filimbi ya pumzi zake. Mama yake alimkuta huko siku moja midomo imeanza kubadilika rangi. Tangu hapo nilielewa kwamba sindano inaweza kumuua mwanangu bila hata kumgusa.

Shule niliiachia kidato cha pili, lakini jambo nikitaka kulijua hulifuata mpaka mwisho. Niliuliza wauguzi, nikasoma vikaratasi vya dawa, nikaandika kwenye daftari. Iko krimu ya ganzi inayopakwa mgongoni mwa mkono na kufunikwa na plastiki. Baada ya kama saa moja ngozi haisikii sindano. Daktari alinithibitishia kwamba inamfaa, akanieleza na kiasi cha kupaka. Kutoka kwetu, juu ya Kapkatet, mpaka zamu yetu ifike hospitalini, ilikuwa ni kama saa hiyo hiyo. Kwa hiyo krimu ingepakwa nyumbani, mradi aseme mapema. Nilimweleza pia kwamba akizidiwa hakuna atakayeisubiri.

Jumapili moja baada ya kanisa nilijipaka mwenyewe mbele ya familia. Saa ilipotimia nilimpa binti yangu sindano ya kushonea, iliyopitishwa kwenye spiriti, nikamwambia anidunge. Alinidunga taratibu, akanitazama usoni, akanidunga tena, akacheka. Ndugu yangu mdogo, ambaye boma lake limepakana na letu na ndiye anayemkamua ng'ombe wa mama yetu, alikuwa ameegemea mlango.

"Watu wa nyumba hii wamesimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho," alisema. "Wewe unalea mtoto wa kupakwa mafuta."

Nilimjibu kwamba waliosimama mbele ya kisu hawakuwa na miaka saba. Tukacheka wote. Niliweka tyubu kwenye kabati la jikoni na kumuahidi binti yangu: niambie mapema, na sindano hutaisikia.

Jumanne hiyo basi nilimpa pampu yake, nikampaka krimu mikono yote miwili, nikafunika, nikaandika saa. Niliona inateleza na kung'aa kuliko ile ya Jumapili. Nikadhani ni joto la jikoni. Mimi ninayepima kila kitu mara mbili, siku hiyo sikupima.

Hospitalini walimweka kwenye mashine ya mvuke, lakini kifua hakikufunguka vya kutosha, na muuguzi akasema ni lazima mshipa utafutwe. Nilimweleza habari ya krimu. Alifurahi, akasema laiti wazazi wengi wangejua. Ilikuwa imepita saa moja na dakika nane tangu nipake. Alifuta mkono, na binti yangu akaunyoosha mwenyewe. Hakuna aliyemshika. Alikuwa ananitazama mimi, kama alivyonitazama ile Jumapili.

Sindano ilipoingia aliruka hadi kitanda kizima kikatikisika. Hakulia mara moja kwa sababu hakuwa na pumzi ya kulilia. Pumzi ilipopatikana alisema, "Baba, umenidanganya."

Wakamshika watu watatu. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Dripu ilipoanza kutiririka, muuguzi alichukua ile plastiki, akainusa, akanusa na tyubu niliyokuja nayo. Alikulia Bomet, kwenye ng'ombe. Aliniita kando.

"Mzee, haya ni mafuta ya kukamulia."

Nilirudi nyumbani kesho yake na kwenda moja kwa moja kwa ndugu yangu. Hakukataa. Ng'ombe alikuwa na chuchu zilizopasuka, anapiga teke ndoo kila asubuhi, maziwa yanamwagika. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba krimu inaua maumivu. Aliitumia kwa siku tisa mpaka ikaisha, kisha akajaza tyubu kwa mafuta ya kukamulia kutoka kwenye mkebe, ili nisijue kabla hajanunua nyingine.

"Nisingekuwa nimejaza ungeona imeisha," alisema, kana kwamba hilo lilikuwa la kunifariji.

"Ningeona imeisha, ningemwambia kabla ya sindano."

Alisema mnyama yule alikuwa anaumia kweli. Niliamini. Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia ng'ombe asimame bila kupepesa jicho.

Nilinunua tyubu nyingine, nikaifungia sandukuni. Nilimweleza binti yangu yote, nikamwonyesha mkebe na tyubu ili anuse tofauti. Nilijitolea kudungwa tena. Alisikiliza kwa adabu, mikono ameificha kwapani, na sindano ya kushonea hakuipokea.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, niliona mabega yake yakipanda na kushuka. Nilimuuliza kama kifua kinabana.

"Niko sawa," alisema, akafunga mdomo kuzuia filimbi.

Sasa kila nikiingia ndani huweka sikio kwenye mgongo wake na kusikiliza mwenyewe. Ndugu yangu alileta pesa, bei ya maziwa ambayo hayakumwagika: lita nne kwa siku, siku tisa, shilingi arobaini na tano kwa lita. Sijazigusa. Ziko pale alipoziweka, kwenye rafu ya kabati la jikoni ambapo tyubu ilikuwa: shilingi elfu moja mia sita na ishirini.