Seva Zilizozimika Kila Ijumaa

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo bado naikumbuka hata harufu yake. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya pili ya mifumo ya kompyuta, nikapata kazi Malindi, kwa familia ya zamani ya mji iliyouza vifaa vya ujenzi. Nilikabidhiwa seva zilizokaa katika chumba cha chini cha nyumba yao, pamoja na mtandao uliounganisha maduka yao ya Malindi, Gede na Mtwapa. Seva zikizimika, hakuna duka lililoweza kuuza hata msumari.

Nazo zilizimika kila Ijumaa asubuhi.

Mkubwa wangu, Bwana Salim, alikuwa mpole, na wapole ndio wa kuogopwa. "Binti," aliniambia, "muda wako wa majaribio waisha mwezi huu. Zikizimika tena Ijumaa hii, nitakuombea kazi kwingine."

Basi nikafikiri. Kufikiri ndiyo maradhi yangu mpaka leo. Nilimshuku mdukuzi mwenye ratiba ya wiki. Nilishuku umeme, nikashuku joto, nikaishuku hata chumvi ya hewa ya pwani inayokula ncha za kebo. Kitambuzi cha moshi nilichokifunga mwenyewe, ambacho hukata umeme kikinusa moshi, nilikiondolea shaka kwa hoja niliyoiona madhubuti: nyumba haikuwa imeungua. Na haya yote niliyafikiri nikiwa ghorofani mwa nyumba hiyo, mbele ya skrini, kwani tulifundishwa kwamba msimamizi hodari huendesha mitambo yake bila kuigusa.

Ijumaa hiyo hofu ilinishusha ngazi. Nilipofungua mlango wa chumba cha seva, nilimkuta Bi Mwanaesha, mamake Bwana Salim, ameshika chetezo, akiifukiza mitambo yangu kwa udi, taratibu, kama amfukizaye bibi harusi. Mimi ni mtoto wa wafanyakazi waliohamia Mtwapa kutoka bara. Sikuwahi kuona kompyuta ikifanyiwa hivyo, wala kitu chochote.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Hebu pisha, nimalizie hii yenye mataa."

"Bi, wafanya nini?"

"Mitambo hii yaonewa kijicho. Siku ya kwanza niliifukiza kwa baraka tu, ikazimika papo hapo. Nikajua kuna mtu. Tangu hapo kila Ijumaa naongeza udi."

Kitambuzi kikalia mlio mdogo, usiofika ghorofani. Taa za seva zikazimika zote.

"Umeona?" akasema, kana kwamba nimeshindwa katika mabishano. "Hata leo udi haukutosha."

Nikamweleza habari za kitambuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka chetezo chini.

"Miezi yote hii waingia nyumba ya watu, wanipita barazani kama wapita nguzo. Hukunijia hata siku moja kunijulia hali. Ungeketi ukanywa kahawa, ningekwambia nifanyalo, nawe ungenambia kisanduku chako hakipendi moshi. Ni chuo gani hicho kisichofundisha kubisha hodi?"

Bwana Salim alikuwa ameshafika mlangoni, simu ya Gede sikio hili, ya Mtwapa sikio lile.

"Nani kazizima?"

Fikiria hali yangu, mwanangu. Nikisema sijui, nafukuzwa kwa kutojua. Nikisema ni mamako, nafukuzwa kwa kujua.

"Mimi," akajibu Bi Mwanaesha. "Wataka kunifuta kazi?"

Bwana Salim alimtazama mama, akatazama chetezo, akakata simu zote mbili. "La, mama."

"Basi na huyu humfuti. Kila Ijumaa atakuja kwangu kwanza. Tutafukiza mpaka mlangoni, ndani hatuingii."

Hivyo ndivyo nilivyothibitishwa kazini, na jukumu langu la kwanza, ambalo halimo katika mkataba wowote, likawa kupepea makaa.

Nawe unayetaka kazi hii, jifunze mitandao kwa bidii, maana uchangamfu peke yake haukarabati seva. Lakini ujue kwamba mitambo hukaa katika nyumba za watu, na watu wana desturi zao na hofu zao, na mara nyingi wanaoiharibu ndio wanaoitakia mema. Kabla hujaomba nywila, ulizia mama wa nyumba, ukamwamkie. Shuka ngazi. Na ukijikuta una nadharia nyingi kuliko watu uliozungumza nao, funga kompyuta, ukatafute watu.

Mungu akufungulie riziki, akupe wakubwa wanaosikia, na akujaalie uzee ambao vijana watakuja kukuamkia hata siku ambayo hakuna kilichoharibika.