Yungiyungi Lililotupwa Kulesa

Juzi mwanangu alinionyesha ua la njano katika kitabu cha maua ya Ulaya. Kilieleza kwamba zamani watu walidhani ni chotara wa maua mawili ya jamaa yake, kumbe ni ua la aina yake kabisa. Nilikifunga kitabu kwa kishindo, mtoto akashtuka.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni Kulesa, kijijini kwetu kando ya mto, mafuriko yakiwa yamepungua na matope yakinuka samaki. Mahindi yalikuwa yameoza shambani, kwa hiyo tulikula viazi vya mayungiyungi, yale maua yaotayo majini. Bibi, mama yake mama, alivichambua kwa maua yake: vya maua meupe sufuriani, vya buluu kwenye beseni, maana vilikuwa vichungu na vilihitaji kulowekwa. Kimoja kilikuwa na ua jeupe lenye ncha za buluu. Akakitupa matopeni.

"Mbona unakitupa, Bibi?"

"Hicho chotara. Ndani hakina kitu." Akanitazama, akamchekea jirani yake. "Kama huyu wetu wa Muorma."

Baba yangu alikuwa Muorma, mfugaji; watu wa Bibi walikuwa wakulima wa kando ya mto. Jirani alicheka sana. Mama alikuwa akitwanga mbegu za mayungiyungi. Mchi ulisita, kisha ukaendelea.

Niliamini kila neno. Siku nyingi nilijibonyeza tumbo, nikitafuta kama ndani kuna kitu.

Sasa mimi ni mtu mzima na bado nina hasira. Bibi alikuwa na kisu mkononi alasiri ile yote, na kile kiazi hakukipasua.