Madoa Mekundu Katika Ubongo wa Ndama

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeupanga ubongo wa ndama kwa uangalifu uleule aliozipangia nyota, akanipa umri wa kusimulia niliyoyaona.

Utoto wangu kule Kotile ulinukia moshi. Kila asubuhi Hooyo, mama yetu, alifukiza vyombo vya maziwa kwa vijinga vya mgunga, na maziwa yakawa na ladha ya mti ulioungua. Kiangazi kimoja, jua likiwa limeshapanda, mbwa asiye na mwenyewe aliingia bomani. Alitia ulimi katika chombo kimoja, akamng'ata ndama puani, akamng'ata mdogo wangu Sahra mkononi, kisha akatokomea vichakani. Sahra alikuwa na miaka sita, mimi kumi. Mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo niliamriwa kukiosha chombo kile mara saba, mojawapo kwa udongo, kama dini inavyofunza. Nilihesabu kwa sauti. Jeraha la Sahra lilikuwa dogo kama punje ya mahindi. Hooyo alilipaka samli, likafunga baada ya siku chache.

Wiki tatu baadaye ndama alianza kuyumba, mate yakimchuruzika, akilia kwa sauti iliyokauka, hadi akafa. Bwana mifugo aliyekuwa akichanja ng'ombe wa jirani alikata kichwa cha ndama, akamwomba Aabo, baba yetu, wafuatane hadi maabara ya Garissa. Aabo alihofia kundi lake, akakubali. Sahra alilia kutaka kuona mji, nami nikachukuliwa nimshike mkono.

Maabarani bwana mifugo alikandamiza kipande cha ubongo juu ya kioo, akakitia rangi, akainamia hadubini. Kisha akaniita nitazame.

"Abaayo, unatazama kwa jicho ulilofumba," Sahra alinicheka, akiniita dada kwa lugha yetu.

Nilipobadilisha jicho niliona seli za neva, za buluu, zimetawanyika kama visima vinavyoonekana kutoka kilimani, nyuzi zikitoka kwake kama njia za mifugo. Ndani ya baadhi yake mlikuwa na madoa mekundu, ya mviringo. Niliyaona mazuri. Mungu anisamehe.

"Hayo madoa ni ya kichaa cha mbwa," alisema bwana mifugo.

"Sasa hii ng'ombe ingine yote itakufa?" Aabo aliuliza.

"Walioumwa tu, mzee. Mbwa aliuma nani mwingine?"

Sahra alikuwa akijikuna mkono, palepale penye kovu. Nilijibu mimi, kwa fahari ya mtoto aliyetimiza wajibu. "Alimuuma huyu. Lakini chombo nilikiosha mara saba."

Bwana mifugo alivua miwani. "Na kidonda?"

Aabo alimkunja Sahra mkono wa nguo, akalitazama lile kovu.

Hospitalini walimdunga sindano, lakini mwasho ule ulikuwa ishara kwamba ugonjwa umeshapanda kwa njia ya neva kuelekea kichwani. Siku ya nne aliomba maji, na kikombe kilipokaribia mdomo, koo lake lilijifunga, akapiga kelele. Alifariki baada ya Alasiri, mikononi mwa Aabo.

Miaka mingi niliichukia mikono yangu. Dini haikutudanganya, hukumu ya chombo ni sahihi, ila sisi tuliishia kwenye chombo. Leo nafundisha mabinti Kurani na hukumu za dini mjini Garissa. Nikifika mlango wa twahara, naeleza hukumu hiyo, kisha namkunja mmoja mkono wa nguo, namwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, mpaka wenzake wanamcheka. Halafu nawaonyesha lango la hospitali yenye chanjo. Mwezi uliopita mwanafunzi wangu aliumwa na mbwa sokoni. Aliosha, akaenda mwenyewe kudungwa kabla hata ya kumwambia mama yake. Yu hai, na ni mtundu. Nilimshukuru Mungu kwa sijda ndefu, na humo sijdani nikamlilia Sahra, ambaye elimu hiyohiyo ilimkosa kwa wiki tatu tu.

Nawe unayesoma, Mungu akulindie watoto wako, na akufikishie jambo la kujua kabla ya siku ya kulihitaji. Amin.