Reli Iliyopiga Mbizi Kwenye Kompyuta ya Wubit

Saa mbili asubuhi, karakana ya chuma nyuma ya soko la Merkato, Addis Ababa. Mashine za kukatia chuma zinapiga kelele za kutoboa masikio, lakini Wubit Getahun hana habari nazo. Amekodolea macho kompyuta, anachora mstari mmoja.

Mstari wenyewe unazunguka huku ukipanda, maana ni reli ya kushikia ya ngazi ya duara.

"Kwenye karatasi mstari una kulia na kushoto, juu na chini," ananiambia mimi mgeni wake, bila kugeuka. "Humu una mbele na nyuma pia. Hapo ndipo penye utamu, na hapo hapo ndipo unapochezewa shere."

Ana miaka ishirini na tisa, na mshahara wake wa birr elfu kumi na mbili unamsomesha pia mdogo wake. Leo kibarua chake kiko hatarini. Gashe Mulugeta, mwenye karakana, amezoea kuchora ngazi kwa chaki sakafuni. Alinunua kompyuta kwa kubembelezwa na Wubit, na reli yao ya kwanza ikakataa kukaa.

"Na hii isipokaa, kompyuta inarudi sokoni," ameapa mzee. "Na wewe, binti, utashika brashi ya rangi."

Hapa kahawa hunywewa vikombe vitatu, na Wubit ana mazoea yake. Baada ya kikombe cha kwanza hukagua vipimo. Cha pili, huitazama ngazi kutoka juu. Cha tatu, huizungusha yote.

Baada ya cha pili, Gashe Mulugeta hashikiki tena. Mashine ya jirani ya kupinda mabomba haina kazi sasa hivi, naye anataka bomba la reli lipelekwe.

"Reli imefika kwenye nguzo ya mwisho, naiona kwa macho yangu! Unangoja nini, malaika ashuke?"

"Kaa chini, Gashe," anamkata Etiye Zenebech, mpika kahawa. "Binti hajanywa cha tatu, kikombe cha baraka."

Wubit anakunywa, anaizungusha ngazi, kisha anapiga yowe. Reli imepanda vizuri hadi mwisho, halafu ikapiga mbizi hadi kwenye mguu wa nguzo!

"Kutoka juu, kichwa na mguu wa nguzo ni nukta moja," anaeleza. "Nilidhani nimeshika kichwa."

"Kwa wateja wanaotambaa ingefaa!" anadakia Tolosa, fundi wa kuchomelea, na karakana nzima inaangua kicheko. Wubit naye anacheka, anafuta, anachora upya.

Saa nane mchana, bomba lililopindwa linainuliwa. Tolosa analisukuma mara moja tu.

"Imekaa! Jamani, imekaa!"

Gashe Mulugeta anapitisha kiganja kwenye reli yote. Kisha anamega injera, anachovya kwenye mchuzi wa shiro na kumlisha Wubit kwa mkono wake.

"Kula, mkaidi wangu. Kompyuta haiuzwi. Ila vumbi la hapa chini litaiua, ipandishe chumba cha juu. Hiyo ndiyo ofisi yako."

"Chumba cha juu hakina ngazi, Gashe."

"Sasa mchoraji ni nani hapa?"

Wubit anataka siku moja achore jengo zima, kuanzia msingi hadi paa. Kwa leo, anaivuta kompyuta karibu mdomo ukiwa bado umejaa.

"Ngoja nianze," ananinong'oneza, "kabla hajakumbuka chaki yake."