Kofi Zito

Mwalimu wa Kiingereza hapa Kibondo huchoka viganja kabla ya sauti. Maneno marefu nayafundisha kwa makofi: silabi nyepesi kofi jepesi, silabi yenye mkazo kofi zito. Responsibility: mepesi matatu, zito moja, mepesi mawili. Kiswahili kimetuzoesha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi darasa zima hukandamiza hapo hapo kila mwaka, nami naanza upya. Nimechoka, sitaki kudanganya.

Binti mmoja wa Makere, niliyemfundisha hadi kidato cha nne, aliitwa usaili wa kazi ya mapokezi katika ofisi fulani mjini Kasulu. Huko angepewa karatasi ya Kiingereza aisome kwa sauti. Baba yake alishamwambia, ukikosa hii, jembe lako liko pale pale. Akawa anakuja jikoni kwangu kila jioni, tunapiga makofi mpaka maharage yanaungua. Lililomshinda ni neno lile lile, responsibility.

Siku ya usaili nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi nje ya mlango ulioachwa wazi. Aliingia, akainama kidogo kwa woga, na mikono ikaanza yenyewe: pa, pa, pa, PA, pa, pa. Nikafumba macho. Tumekwisha, nikasema moyoni.

Msaili alikuwa mzee wa Kiha. Kwetu Waha, mdogo akiinama na kupiga makofi mbele ya mkubwa, anamwamkia, na salamu haikatwi njiani. Mzee akaweka kalamu chini, naye akapiga makofi, akamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye!"

"Mwakeye," binti akaitika.

Wakaulizana habari za wazazi, mvua, mahindi.

"Vijana wa siku hizi mnatusalimia 'mambo vipi'," mzee akasema. "Wewe umelelewa, mwanangu. Jumatatu njoo uanze kazi."

Karatasi ya Kiingereza ilibaki mezani. Nilifurahi, na nilikasirika pia. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Hawasemi aliyemfundisha ngoma nyingine anapata nini.

Tukaelekea stendi. Ghafla akasimama, akainama mbele yangu, akapiga makofi na kulitamka neno zima, kofi zito mahali pake.

"Hakuniuliza, mwalimu," akasema. "Lakini nilikuwa nalijua."

Nikamwitikia kwa makofi.