Mtoto wa Mwosha Dhahabu na Makaa ya Ng'ambo ya Ruzizi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Agosti 1958, Floribert Wabulasa anavuka daraja la Ruzizi na karai la bati kichwani. Askari wa upande wa Ruanda anamjua sasa, lakini utani hauachi.

"We Floribert, leo tena unaenda kutafuta dhahabu?"

"Hapana, tonton. Ninaenda kutafuta makala."

"Makala! Kwani Bukavu makala imekwisha?"

Floribert anacheka kidogo tu; kwa Kiswahili cha Bukavu, makala ndiyo makaa. Leo si siku ya mchezo. Juu ya kilima cha migomba, mwendo wa saa nzima kutoka darajani, limebaki jiko moja la watu wa kale, na ni yeye atakayeosha udongo wake. Akilikosa hili, hakuna atakayejua watu wale waliishi lini, na yeye mwenyewe atafunga virago.

Ana miaka ishirini, anasomea ualimu Bukavu. Likizo hii yeye na wanafunzi wengine watano wanachimba nchi ya jirani, chini ya Bwana Gaston, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Ubelgiji. Malipo ni faranga kumi na tano kwa siku na sahani ya maharage mchana. Wanapiga magoti tangu asubuhi, wanakwangua udongo kwa mwiko wa mwashi na brashi, kidogo kidogo, kama watu wanaoogopa kumwamsha mgonjwa.

"Wiki ya kwanza magoti yangu ilivimba," anasema. "Batu ya kijiji bakatuuliza kama tunasali."

Vigae vya vyungu vimejaa tele kilimani. Kinachotafutwa kwa udi na uvumba ni makaa. Bwana Gaston aliwaeleza kwamba Ulaya wako watu wanaoweza kupima kipande cha makaa na kusema kuni ile ilikatwa miaka mingapi iliyopita.

Jiko la kwanza walilifikia mwishoni mwa Julai. Makaa yake yalikuwa yamevunjikavunjika, punje kama za mtama, yamechanganyika na udongo. Bwana Gaston akauliza nani anajua kuosha udongo kwa maji. Floribert alinyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Ataachaje? Baba yake, Mzee Jean-Marie, ameosha mchanga wa dhahabu kwenye mito ya Mwenga miaka kumi na tisa. Mtoto alikua akijua sheria moja: kizito ni mali, chepesi ni takataka. Basi akazungusha karai kwa madaha, wenzake wakimtazama, na maji yakabeba chepesi chote kijitoni. Akabaki na mchanga mweusi, mzito, safi kabisa. Akampelekea Bwana Gaston huku anatabasamu.

Masikini! Makaa ni mepesi; jiko zima lilikuwa limekwenda na maji.

"Hakunipigia kelele," Floribert anakumbuka. "Alitosha kofia ku kichwa, akakaa chini. Ni heri angenipiga."

Mkono mwingine unaojua karai haukuwepo, kwa hiyo Bwana Gaston alimpa siku kumi na mbili. Jiko la pili likifunuliwa, ataliosha yeye. Akishindwa, njia ya Bukavu anaijua.

Siku hizo kumi na mbili wanaozijua vizuri ni majirani wa Kadutu, mtaa wa Bukavu anakoishi kwa shangazi yake, Maman Adolphine, muuza kasiksi, pombe ya ndizi. Kila jioni jua likiwa bado lipo, Floribert alihesabu vipunje hamsini vya makaa kutoka jikoni kwa shangazi, akavikoroga kwenye udongo, akaosha, akahesabu vilivyorudi. Siku ya kwanza vilirudi kumi na kimoja. Mazoea yana taabu.

"Mukono yangu ilikuwa na kichwa yake," anasema. "Minaiambia polepole, yenyewe inatupa."

Maman Adolphine hakunyamaza. "Nilikutuma kwa masomo, sasa unanimalizia makala! Tutapikia nini, vitabu?"

Hata hivyo ni yeye aliyemtupia kitambaa anachochujia pombe, amekichemsha mara mbili. "Shika. Pombe inapita, uchafu inabaki. Na wewe fanya vile." Floribert akakitandika juu ya beseni, akajifunza kumimina chepesi juu yake badala ya kukiachia kiende na maji. Vikarudi thelathini na nane. Jana, arobaini na tisa.

Sasa ni saa nne, na yuko majini hadi magotini. Karai la kwanza halitoi kitu, la pili vilevile. Wenzake wameacha kukwangua, wanamtazama. Anazungusha la tatu, mkono unataka kutupa, anauma mdomo, anainamisha taratibu. Juu ya kitambaa vinabaki vidoa vyeusi, kimoja, viwili, kumi.

"Iko!" anapaza sauti. "Iko, iko!"

Kufikia saa tisa ameosha makarai ishirini na mawili, na makaa yaliyokauka yamejaza nusu ya mkebe. Bwana Gaston anayatazama kwa kioo cha kukuzia, muda mrefu mno.

"Inatosha," anasema. "Likizo ijayo ninakwenda kuchimba Tanganyika. Utakuja na karai yako."

Floribert anakaa palepale kijitoni na nguo zake, analia wazi wazi, wala hajali nani anamwona.

Jibu la wapimaji wa makaa kutoka Ulaya linaweza kuchukua mwaka mzima. Hana haraka. Atamaliza ualimu, ataenda Tanganyika, kisha anataka kurudi kuongoza uchimbaji wake mwenyewe Kivu. Akiulizwa kinachomsukuma, anafuta uso kwa mkono wenye masizi na kusema neno ambalo hajawahi kumwambia mtu pale kilimani.

"Mwalimu moja alituambia mu darasa, mbele ya wazungu kufika, huku hakukuwa kitu. Sikumujibu. Sikukuwa na namba ya miaka. Sasa namba iko mu njia."