Jumamosi ya Keki na Sindano kwa Mama Wanza

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, katika miaka ya sabini, nikiwa bado msichana na tukiishi mtaa wa Jericho, huku huku Eastlands ya Nairobi. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, nguo zimejaa kwenye kamba za ua, na vijana wa mtaa walikuwa uwanjani wakipigiana kelele kwa ile Sheng yao ya kuchanganya Kiswahili na Kiingereza, ambayo Baba hakuisikia bila kutikisa kichwa. Asubuhi nzuri kabisa. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyeiona, kwa sababu mama yetu alikuwa amefariki, na mdogo wangu Nekesa alikuwa ameacha kuzungumza.

Hakuwa mgonjwa wa koo. Tulimzika Mama nyumbani Bungoma, tukarudi Nairobi kwa basi, na tangu tushuke kwenye lile basi mtoto hakutamka neno. Mezani kimya, darasani kimya. Ukimwuliza kama anataka chai, anaitikia kwa kichwa tu. Mwalimu wake alimwita Baba. Shangazi zetu walimwombea. Majirani walimletea peremende na kumwinamia usoni: “Nekesa, hebu tuambie jina lako!” Mimi nilikuwa kifungua mimba na nilikuwa nimeachiwa nyumba, kwa hiyo nilimwuliza maswali kutwa nzima. Unaumwa? Una njaa? Mbona husemi? Nilimpenda sana na niliogopa kwamba tunampoteza na yeye. Nilifua, nilipika, nilisugua sakafu hata mahali palipokwisha kung’aa. Niliona nikikaa chini kidogo tu, kila kitu kitaporomoka.

Sasa nikueleze habari za Mama Wanza, maana ndiye ninayetaka umjue. Mlango wake ulitazamana na wetu. Alikuwa Mkamba wa Machakos, mnene, mwenye kicheko cha kutoka tumboni. Mumewe aliendesha lori la masafa marefu na hakuonekana sana nyumbani, na bintiye Wanza alikuwa ameolewa. Wiki nzima mama huyo alishona sare za shule kwa cherehani, lakini Jumamosi na Jumapili hakuna mtu aliyeweza kumharakisha. Alioka keki. Alidarizi vitambaa kwa ule mshono wa msalaba, unaopitisha uzi huku na huku mpaka vijialama vidogo vinajaa na kuwa waridi, au jogoo, au jina la mtu. Kila kiti nyumbani kwake kilivaa kitambaa, na hata redio ilikuwa na chake.

Asubuhi hiyo alisimama mlangoni petu. Hakuja na pole, maana pole tulikuwa tumezisikia zote.

“Nafula,” akaniambia, “nataka kuoka na mkono wangu umechoka kukoroga. Njoo na mdogo wako.”

“Nina nguo za kufua, Mama.”

“Zitafuliwa. Njooni.”

Tukaenda. Jiko la mkaa lilikuwa limewashwa barazani kwake, na sufuria kubwa imetandikwa mchanga chini. Siku hizo hatukuwa na oveni, mwanangu. Mkebe wa keki uliketi juu ya ule mchanga, sufuria ikafunikwa, na makaa mengine yakawekwa juu ya mfuniko ili keki iive pande zote. Ukienda haraka inaungua chini na kubaki mbichi katikati.

Mama Wanza alimpa Nekesa bakuli la siagi na sukari, akamshikisha mwiko. “Koroga mpaka iwe nyeupe,” alimwambia, kisha hakumtazama tena. Mimi alinipa kitambaa, sindano na uzi mwekundu, akanionyesha pa kuanzia. Nilishona kama mtu anayekimbizwa. Nilivuta uzi kwa nguvu, na kitambaa kikajikunja chote.

“Legeza mkono, mwanangu,” akaniambia. “Hiyo kazi haikimbii. Na wewe leo huendi popote.”

Hebu fikiria. Tangu msiba, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba siendi popote. Mabega yangu yakashuka yenyewe.

Akawa anaongea. Alizungumzia utoto wake, mbuzi waliokula mkeka wa nyanyake, na mumewe ambaye hawezi kuona unga wa keki bila kuchovya kidole. Niliona jambo moja ambalo sikulielewa wakati ule: hakumwuliza Nekesa swali lolote. Alimpitishia mayai, akampitishia unga, akachungulia bakuli na kusema, “Naam,” basi. Na mtoto alikuwa akikoroga, nywele zimeingia unga, uso umelegea kidogo.

Kisha Mama Wanza akaniuliza mimi: “Nafula, keki yangu ni nzuri, sikatai. Lakini ya mama yenu ilikuwa ikiiva, harufu inanifuata mpaka kitandani. Alikuwa anatia nini?”

Sikuwahi kumwona Mama akiioka. Jumamosi nilikuwa nikienda mjini kujifunza kupiga taipu, na nikirudi nilikuta keki imeshakatwa. “Labda ni vanila,” nikasema.

“Si vanila. Vanila naijua.”

“Ni ganda la ndimu.”

Sauti ilikuwa ndogo, ya kukwaruza. Nekesa hakuinua macho kwenye bakuli. “Anakwaruza la juu tu,” akasema. “Lile jeupe ni chungu.”

Nilitaka kuruka. Nilitaka kumkumbatia, nimkimbilie Baba kazini, nipige kigelegele mtaa mzima usikie. Mama Wanza akaweka mkono wake juu ya goti langu na kulikandamiza, huku akitazama jiko. Akasema, kwa sauti ile ile aliyosimulia nayo habari za mbuzi, “Kumbe! Na mimi miaka yote hii nahangaika. Hebu kimbia pale kibandani utuletee ndimu, Nekesa. Uchague zenye maji.”

Mtoto alijifuta mikono kwenye gauni na kutoka mbio. Alipopotea kwenye kona, Mama Wanza aliinua pindo la leso yake, akafunika uso na kulia. Mama yangu alikuwa rafiki yake, lakini Mama Wanza hakuwa amelia mbele yetu hata siku moja. Tukalia sote wawili. Halafu akanipangusa mashavu kwa vidole vyenye unga. “Futa macho. Akirudi atukute na kazi.”

Nekesa alirudi na ndimu, akatuonyesha jinsi Mama alivyokwaruza na mahali alipokoma. Mimi mkubwa nilikuwa mwanafunzi wake, na sijawahi kufurahia kufundishwa kama siku ile. Jioni Baba alifika kutoka kazini, harufu ikamkuta uani. Alisimama kabisa. “Baba, tumeoka,” Nekesa akamwambia. Baba aliketi kwenye ngazi na koti lake mwilini, akala kipande chake polepole.

Jumapili baada ya kanisa tulirudi kwa Mama Wanza, tukashona hadi jua likapungua. Nekesa aliomba uzi wa kijani, baadaye akaomba makasi. Maneno yalimrudia hivyo, machache machache, na shuleni yalichukua muda zaidi. Hakuna aliyemhimiza, maana Mama Wanza alipita nyumba kwa nyumba akikataza.

Siku nyingine nilimwuliza, “Ulijua kwamba Nekesa anaifahamu ile siri ya keki?”

“Ningejuaje?” akanijibu. “Niliona tu kila mtu anamtazama mdomo. Hata mimi mtu mzima ningenyamaza.”

Nimeishi miaka mingi tangu hapo, mwanangu, na nimekutana na watu wenye vyeo na wenye elimu kubwa. Bado nikitaka kutaja mtu mwenye busara, ninamtaja yule mshona sare wa Jericho. Kwa hiyo nisikilize. Aliye karibu nawe akilemewa na huzuni, usimkabe kwa maswali, hata kama ni mapenzi yanayokusukuma. Mpe kazi nyepesi ya mikono, nawe ushike yako, mkae pamoja bila kuangalia saa. Akisema neno, lipokee kwa utulivu. Na katika wiki yako tenga siku isiyo na haraka, maana kuna mambo ambayo watu wa nyumbani mwako hawatakuambia ukiwa unapita mbio.

Mungu akupe mikono iliyotulia. Akupe jirani anayejua kukutazama na anayejua kuacha kukutazama. Na yeyote atakayenyamaza kwako, Mungu akujalie subira ya kuwa hapo siku atakapofungua kinywa. Amina, mwanangu.